Nukta za Ami

Ami aliishika karatasi mbali na macho, kama anavyofanya siku hizi, akaanza kuishuka kwa kidole. Tulikuwa barazani kwake, nje kidogo ya Wete, baada ya alasiri. Mbele yetu karafuu zilikuwa jamvini, siku ya pili juani, zimeshaanza kugeuka kahawia. Nilikuwa nimempelekea jedwali la masika ya mwaka mmoja wa miaka ya 90: mvua ya kila siku kwa milimita, kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, sasa limechapwa safi na safu zake zimenyooka.

Kidole kikasimama Aprili.

"Hapa pana nini?"

Nikamwambia pana sifuri. Sifuri 11 zilizofuatana. Na chini kabisa ya jedwali programu ilikuwa imeandika kuwa kipindi kirefu cha ukavu katika masika ile kilikuwa siku 11.

"Aprili?" akauliza, na hakuuliza ili nimjibu. "Mwanangu, siku hizo mimi sikuwapo. Nilikwenda Unguja, msibani."

Akanirudishia karatasi, akainuka kwenda kugeuza karafuu zake.

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini nimerudi Unguja, wiki zimepita, na jambo lile halijaniachia. Mashine ilisema *haikunyesha*. Daftari halikusema hivyo. Daftari lilinyamaza, na mahali fulani kati ya kalamu ya ami na karatasi yangu, kunyamaza kuligeuzwa kuwa ushahidi.

## Herufi tatu tupu

Programu niliyotumia ni ya Fortran, lugha kongwe ya kuandikia programu; nimeirithi kwa mwalimu wangu wa zamani aliyeiandika kwa kiwango rasmi cha lugha hiyo cha mwaka 1977. Ni fupi na ninaipenda. Inasoma faili mstari kwa mstari, inachukua herufi tatu zilizotengewa mvua, inazigeuza namba kamili:

`read(mstari(4:6), '(I3)') mvua`

Hiyo I3 maana yake: chukua nafasi tatu, zisome kama namba kamili. Ukiwa na " 38" utapata 38. Ukiwa na "  7" utapata 7. Ukiwa na nafasi tatu zisizo na kitu utapata 0. Programu haigombi, haionyi, haisimami. Huo ndio utaratibu rasmi wa lugha yenyewe, na kila kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inayofuata kiwango itafanya vivyo hivyo: uwanja mtupu chini ya I ni sifuri.

Usiku wa kwanza niliikasirikia lugha. Usiku wa pili nilikwenda kutafuta sababu.

Fortran ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake kwa ajili ya mashine ya IBM 704, na chakula chake kilikuwa kadi za kutoboa, zenye safu 80. Kwenye kadi, pengo ni mahali pasipotobolewa. Katika kiwango cha mwaka 1966, pengo lililokuja baada ya tarakimu lilisomwa kuwa sifuri pia: mtu akipiga 7 kwenye safu ya kwanza kati ya tatu na kuziacha mbili wazi, mashine ilisoma 700. Kiwango cha 1977 kikaleta namna ya kuchagua, BN kwa anayetaka mapengo yapuuzwe na BZ kwa anayetaka yawe sifuri. Leo kwa kawaida mapengo hupuuzwa. Lakini uwanja uliokuwa mtupu wote ulibaki sifuri, na umebaki hivyo hadi leo.

Ninauona mwanga wa uamuzi ule. Mhasibu anayeacha safu ya shilingi wazi anakusudia kusema hakuna shilingi. Kwake pengo na sifuri ni ndugu.

Kwa mpima mvua si ndugu.

Kila siku saa 3 asubuhi ami huenda kwenye kipimo chake, hunyanyua faneli, humimina maji ya chupa kwenye bilauri yenye mistari, husoma, huandika. Alianza kwa sababu ya karafuu, maana anayeanika anataka kuzijua siku za mvua kuliko anavyoujua mshahara wa mtu. Kazi yote hiyo inachukua dakika tatu. Siku asipokwenda, maji ya siku ile hayatapimwa tena na mtu yeyote.

## Nikakimbilia upande wa pili

Basi nikabadilisha mstari mmoja. Fortran ina namna nyingine ya kusoma, ya huru, ambayo huihesabii nafasi. Unaweka nyota mahali pa I3:

`read(mstari(4:6), *, iostat=hali) mvua`

Hapa mambo ni tofauti kabisa. Maandishi matupu hayasomwi kuwa sifuri. Programu inatafuta namba, haioni, inafika mwisho wa maandishi, na kigeu cha *hali*, yaani chombo kinachobeba thamani ya kuonyesha usomaji umekwendaje, kinarudi kikiwa hasi. Nikaona dawa ndiyo hii. Ikirudi hasi, andika "haikupimwa".

Nikaiendesha kwa mwaka mzima. Siku 203 hazikupimwa.

Nilikaa nikiitazama ile 203. Ami, ambaye harusi ya mwanawe mwenyewe aliichelewa kwa dakika kumi ili asome chupa, amekosa zaidi ya nusu ya mwaka? Nikatazama miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba. Karibu yote haikupimwa. Nikatafuta siku yenye sifuri.

Hakuna. Mwaka mzima, hata siku moja yenye sifuri hakuna.

Hapo ndipo nilipoacha kuitazama Fortran. Mtu anayepima mvua mwaka mzima ni lazima awe ameandika sifuri mahali fulani, nyingi sana. Kabla ya kubadilisha mstari, kila pengo lilikuwa sifuri. Baada ya kubadilisha, kila sifuri ilikuwa pengo. Njia zote mbili zilikuwa zinafanya kazi kama zilivyoandikwa, na zote mbili zilikuwa zinasoma faili ambalo limeshapoteza kitu kabla halijafika kwao.

Nikampigia simu ami. Nikamwuliza, siku ambayo hukukuta kitu chupani huandika nini?

"Sifuri," akasema.

"Sizioni sifuri, ami."

Kimya kidogo. Kisha: "Nukta. Mimi sifuri naandika nukta. Nukta zangu ziko wapi?"

## Nukta

Ami alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kabla ya skuli. Hesabu aliijua kwanza kwa tarakimu za Kiarabu, na ndani ya tarakimu hizo sifuri ni nukta: ٠. Kurasa za mwanzo za daftari zake zimeandikwa hivyo zote. Baadaye akahamia tarakimu za skulini, 1, 2, 3, lakini nukta haikumtoka. Siku kavu ni nukta. Siku asiyokuwapo ni wazi.

Alikuwa ameshalitatua tatizo langu lote, kwa wino, kabla sijazaliwa.

Kilichotokea ni hiki. Mtoto wa ami alizipiga picha kurasa kwa simu, jioni, chini ya taa, kisha akaziingiza kwenye kompyuta akitazama picha. Kwenye picha nukta nyingi zilipotea. Zilizobaki zilifanana na madoa ya karatasi ya zamani. Aliniuliza mara moja tu, kwa ujumbe: pasipo na namba niandike nini? Nikamjibu, pasipo na kitu acha wazi.

Jibu hilo nililiandika nikiwa njiani, sikumwuliza "pasipo na kitu" panaonekanaje. Sote wawili tumesoma chuoni. Sote tunajua ١٠ ni kumi. Lakini jicho likishazoea safu ya tarakimu za skulini, haliitarajii nukta ya chuoni humo humo, na lisichokitarajia halikioni.

Neno sifuri lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kitu kitupu. Nililijua hilo tangu zamani kama watu wanavyojua asili za maneno. Sikuwahi kulihisi uzito wake mpaka nilipoona watu wawili wazima na mashine moja tukishindwa kutofautisha utupu uliopimwa na utupu usiopimwa.

Nikapanda boti kwenda Pemba. Tukakaa na daftari lenyewe, mchana, dirishani, tukaanza upya. Kati ya zile siku 203, nukta zilikuwa 178. Zilizobaki 25 ndizo siku ambazo kweli hakuna aliyekwenda kwenye kipimo, na 11 kati yake ni za msiba wa Aprili.

## 48 na 160

Safari hii sharti langu lilikuwa moja: andika kila alama kama ilivyo. Kurasa za Kiarabu tuziandike kwa tarakimu za Kiarabu, kwa kibodi ya simu, tusitafsiri kichwani. Kutafsiri kichwani ndiko kulikotufikisha hapa. Kugeuza iwe kazi ya programu, mahali ambapo nitaweza kurudi na kuona ni nini kimegeuzwa kuwa nini.

Programu ya Fortran ukiipa ٣٨ haitambui kuwa ni 38. Itarudisha kosa. Kwa hiyo inabidi uingie mlango wa chini, herufi kwa herufi.

Tarakimu tulizozizoea ni nyepesi. Kila herufi ina namba yake: '0' ni 48, '1' ni 49, mpaka '9' ambayo ni 57. Zimepangwa kwa mfuatano, kwa hiyo `iachar('7') - iachar('0')` ni 55 toa 48, yaani 7. Ni hesabu ya mtoto, lakini mimi huipenda kila ninapoiandika, maana inaonyesha wazi kuwa '7' na 7 ni vitu viwili. Moja ni umbo. Nyingine ni idadi.

Tarakimu za Kiarabu, faili likihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa kuzipa herufi namba za baiti, huchukua baiti mbili kila moja. Ya kwanza kwa zote ni 217. Ya pili inaanzia 160 kwa nukta na kuishia 169 kwa tisa. ٣ ni 217 kisha 163. ٨ ni 217 kisha 168. Ukitoa 160 kwenye baiti ya pili unapata 3, unapata 8. 3 mara kumi ongeza 8, ni 38. Mistari kumi hivi ya msimbo.

Nilipoiendesha mara ya kwanza juu ya ukurasa wa zamani kabisa, na namba zikaanza kutoka, nilimwita ami aje aone. Alitazama skrini, akatazama daftari, akatazama skrini. "Imesoma nukta," akasema.

(Kwa wanaopenda mambo haya: kabla ya kiwango cha 1977 Fortran haikuwa na aina yake ya maandishi. Maneno yalihifadhiwa ndani ya vigeu vya namba, kwa mtindo uliopewa jina la Herman Hollerith, yule ambaye kadi zake zilitumika kwenye sensa ya Marekani ya 1890. Neno WETE lina herufi nne, linaingia sawasawa kwenye namba kamili ya baiti nne. Kwenye kompyuta yangu, ukizisoma biti zake kama namba, WETE ni 1163150679. Kwenye mashine inayopanga baiti kwa mpangilio wa kinyume ni 1464161349. Mji ule ule.)

## Mkwaju

Nilidhani tumeshamaliza.

Kuna wiki moja ami aliugua, na mkewe, ambaye hakupenda kugusa bilauri ya mumewe, alipiga mkwaju kwenye kila siku: /. Kwa kuwa sharti lilikuwa kuandika kila alama, mikwaju ikaingia kwenye faili.

Jedwali lilipotoka, siku ya kabla ya ugonjwa ilikuwa na milimita 38. Iliyofuata 38. Iliyofuata 38. Wiki nzima ya milimita 38 kila siku, na kigeu cha *hali* kinasema 0, yaani salama, hakuna kosa.

Katika usomaji huru wa Fortran, mkwaju ni amri. Maana yake: ishia hapa, na vigeu vilivyobaki viache na thamani vilizokuwa nazo. Kigeu changu kilikuwa na 38 ya jana. Kikabaki na 38. Kila kilichotokea kiko ndani ya kiwango, na mvua ambayo haikupimwa na mtu ikaandikwa mara saba.

Hili lilinitisha kuliko sifuri za Aprili. Sifuri 11 za masika zinajipigia kelele. Mtu wa Pemba atazitilia shaka. 38 iliyorudiwa inafanana na mvua. Ningeijumlisha, ningechora mchoro, na mchoro ungependeza.

Tangu siku hiyo sisomi namba kabla sijayatazama maandishi. Nachukua zile herufi kama herufi. Kama hazina kitu, haikupimwa. Kama ni mkwaju, haikupimwa. Kama ni nukta, imepimwa, sifuri. Kama zote ni tarakimu, na hili unalihakikisha kwa `verify`, ndipo nizigeuze. Likija jingine lolote programu inasimama na kunionyesha ukurasa na siku. Inasimama mara nyingi. Naona ni haki yake.

## Kweli ni ngapi?

Kuna sehemu ya pili ya programu ya mwalimu, inayohesabu siku za mvua. Aliiandika hivi:

`k = (mvua .gt. 0)`
`siku = siku + k`

Kinachokuwa ndani ya mabano ni thamani ya kimantiki, kweli au uongo. Kinachopokea ni namba kamili. Kiwango cha Fortran hakiruhusu kuhamisha moja kwa moja kutoka hii kwenda hii, lakini kompaila nyingi zimeruhusu kwa hisani. gfortran, niliyonayo nyumbani, inaonya kisha inapitisha, na kweli kwake inakuwa 1. Aprili ya ami ikatoka na siku 17 za mvua. Vizuri.

Nilipoipeleka programu ile ile kwenye kompyuta nyingine, yenye kompaila nyingine, Aprili ikatoka na siku -17.

Kuna desturi iliyoshuka kutoka mashine za VAX, ambako kweli ni -1. Ina mantiki yake: -1 ndani ya kompyuta ni biti zote zikiwa 1, kinyume kamili cha sifuri. Na ili kujua kama kitu ni kweli, kompaila za desturi hiyo hutazama biti ya mwisho tu. Maana yake, ukiipachika namba moja kwa moja ndani ya kigeu cha kimantiki, witiri ni kweli na shufwa ni uongo. Milimita 13, imenyesha. Milimita 14, haikunyesha. gfortran kwa upande wake itasema chochote kisicho sifuri ni kweli. Mvua moja, daftari moja, majibu mawili.

Kwa nini kiwango hakijaamua? Swali hili nimelibeba hata sokoni Darajani, mkononi nina mfuko wa ndizi. Jibu nililofikia ni kwamba kiwango kimeamua. Fortran inasema kweli si namba. Inakupa `.true.` na `.false.`, inakupa njia za kuziunganisha na kuzikanusha, na inakataa kukwambia kweli ni ngapi, kwa sababu kwake swali hilo halina maana. Ukitaka kuigeuza iwe namba, igeuze wewe, waziwazi, useme kweli yako ni ngapi na uongo wako ni ngapi:

`k = merge(1, 0, mvua > 0)`

Kama mvua ni zaidi ya sifuri chukua 1, la sivyo chukua 0. `merge` iliingia na Fortran 90, na popote utakapoipeleka jibu ni lile lile. Kama unachotaka ni kuhesabu tu, hata hiyo huihitaji. `Count` huzihesabu kweli zenyewe bila kuzipa namba:

`siku = count(imepimwa .and. mvua > 0)`

Tazama lile neno *imepimwa*. Ni kigeu nilichokiongeza, safu nzima ya kweli na uongo inayotembea bega kwa bega na safu ya milimita. Wapo wanaopenda kuandika -999 mahali pasipopimwa, na nimewahi kufanya hivyo. Siku ukisahau, -999 inaingia kwenye jumla pamoja na mvua. Safu ya pembeni haiwezi kujumlishwa kwa bahati mbaya.

## Tupu na furika

Usiku mmoja, baada ya haya, nilifungua ukurasa wa maelezo wa daftari. Pembeni mwa namba ami huwa anaandika neno moja moja. "Tupu", chupa ikiwa haina kitu. "Furika", maji yakiwa yamepita mdomo wa chupa. Nikataka kuona Fortran itayasoma vipi maneno haya kama thamani za kimantiki.

Kama I ilivyo ya namba kamili, L ni ya kweli na uongo, na kanuni yake ni kwamba inatazama herufi ya kwanza tu. Ikiwa T ni kweli, ikiwa F ni uongo, na yanayofuata hayatazamwi.

Tupu ikasomwa kweli.

Furika ikasomwa uongo.

Kama maelezo yale yangeingia kwenye safu ya *imenyesha*, safu nyingine ya kweli na uongo, siku kavu zingekuwa za mvua, na siku za gharika zingekuwa kavu, bila onyo lolote. "Ndiyo" na "hapana" angalau zingekataliwa. Niliandika matokeo hayo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya meza, na ipo mpaka leo.

## Kumi au kumi na tano

Tulibakiwa na kurasa chache za katikati, za mwaka ambao ami alikuwa anahama kutoka tarakimu za chuoni kwenda za skulini. Tano ya Kiarabu ni duara: ٥. Moja ni mstari: ١. Kwa hiyo kumi na tano ya chuoni, ١٥, na kumi ya skulini, 10, kwa kalamu ya mtu mwenye haraka asubuhi, ni kitu kimoja.

Nyingi tuliziamua kwa majirani. Juu yake pakiwa na ٢ au ٧ zisizo na utata, wiki ile ilikuwa ya chuoni, basi ni 15. Lakini kuna siku moja ya Mei, juu yake 11, chini yake 1, ambazo kwa mkono wa ami hazisemi upande wowote.

Nilimpelekea daftari barazani. Alivaa miwani. Alilisogeza karibu, akalisogeza mbali, akaugeuza ukurasa uliotangulia na uliofuata. Mtoto wake akasema kwa upole, baba, tofauti ni milimita tano tu, tuandike yoyote. Ami hakumjibu. Jamvi lilikuwa tupu, karafuu zimeshatiwa magunia, na mawingu yalikuwa yanakuja kutoka baharini.

"Siku hii ilinyesha," akasema mwishowe. "Hilo nalijua, maana ndiyo tuliyokosa kupanda. Ngapi, sijui."

Nilikuwa na kompyuta magotini. Kwenye *imenyesha* nikaweka `.true.` Kwenye *imepimwa* nikaweka `.false.` Safu ya milimita nikaiacha. Siku za mvua nikazihesabu kwa *imenyesha*, milimita kwa *imepimwa*. Nikaiendesha programu, na Mei ikapata siku moja zaidi ya mvua, na jumla ya milimita haikusogea.

Ami akaniomba nimwonyeshe ni wapi. Nikamwonyesha. Kwenye jedwali mahali pa namba pana kistari kifupi, na mbele yake neno "imenyesha". Akakitazama kile kistari, akalifunga daftari, akaenda kuangalia kama faneli imekaa sawa kabla ya mvua.